Mpelelezi aliyekufa na swali letu la Kamina: Nani aliona?

Mtu akifa ghafula katika kartie zetu za Kamina, wengi hawaulizi kwanza alikufa kwa ugonjwa gani. Swali linalotangulia kwenye kilio ni hili: "Nani amemla?" Kabla ya maziko jina linaanza kuzunguka. Mara nyingi ni jina la mjane mzee, au la mtoto anayelelewa na shangazi, au la jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa parsele. Sisi tunaofanya kazi ya amani tunajua mahali safari hiyo inapoishia: nyumba kuchomwa, mtoto kufukuzwa, na koo mbili kutosalimiana kwa miaka.

Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji kuhusu chombo kimoja ambacho hatukukitazamia. Ni mchezo wa video. Shujaa wake ni mpelelezi wa polisi aliyekwisha kufa, naye anamtafuta mtu aliyemwua. Tuliutumia na kikundi chetu cha vijana, nasi tulijifunza mambo ambayo huenda yakawafaa ninyi pia katika maeneo yenu.

Mchezo wenyewe

Jina lake ni Murdered: Soul Suspect. Ulitengenezwa na kampuni ya Airtight Games ya Marekani na kutolewa na Square Enix ya Japani mwezi wa Juni 2014. Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa mwaka huohuo, lakini mchezo bado unachezwa. Mwenzetu mmoja alirudi nao kutoka Lubumbashi ndani ya kompyuta yake, ukiwa katika Kifaransa. Hilo lilitusaidia sana, kwa sababu vijana wetu walisoma shule kwa Kifaransa.

Hadithi inaanza usiku. Mpelelezi Ronan O'Connor anatupwa nje kupitia dirishani, kisha anapigwa risasi na mwuaji ambaye mji mzima unamwogopa. Anaamka akiwa roho, huku mwili wake umelala chini na polisi wenzake wameuzunguka. Anasema nao, hawamsikii. Hawezi kwenda kwa wafu wake kabla ya kumaliza kazi iliyobaki: kujua nani alimwua na kwa nini.

Akiwa roho, Ronan ana uwezo ambao walio hai hawana. Anapenya kuta za ndani ya nyumba. Anaingia katika mtu na kusikia mawazo yake. Pia anaingia katika paka ili apite mahali pembamba. Lakini ana mipaka: haingii katika nyumba mpaka mlango uwe wazi, na hawezi kushika kitu cha walio hai. Anahitaji msaada wa Joy, msichana anayeweza kuona wafu na kusema nao. Kuna pia mashetani wanaowinda roho, ambao ni lazima awakimbie au ajifiche.

Jambo lililotuvutia ni namna anavyopeleleza. Akifika mahali pa tukio, anatafuta dalili moja baada ya nyingine: alama ya mguu, kitu kilichovunjika, maneno ya shahidi. Akizikusanya, mchezo unamwuliza swali, kwa mfano, "Ni nini kilichotokea hapa?" Ni lazima mchezaji achague dalili zinazojibu swali hilo, na kuziacha zile ambazo ni za kweli lakini hazihusiki. Njiani anakutana na roho nyingine zilizokwama, nazo zinamwomba azisaidie kujua jinsi zilivyokufa.

Vijana wetu waliona upesi jambo moja. Katika mchezo huu roho zipo, mashetani wapo, mtu anaweza kuingiwa. Hata hivyo Ronan hatoki nje akapiga kelele kwamba fulani ndiye mwuaji. Yeye mwenyewe ni roho, na bado anatafuta ushahidi.

Mji wa Salem na mwaka 1692

Mchezo unatokea katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani. Waliouandika hawakuchagua mji huo bila sababu. Mambo yaliyotokea huko mwaka 1692 ni historia ya kweli, na tulipowasimulia vijana, mmoja alisema, "Kumbe hata wazungu!"

Mwezi wa Januari 1692, wasichana wawili katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris walianza kutetemeka na kupiga kelele. Mmoja alikuwa na miaka 9, mwingine, Abigail Williams, miaka 11. Daktari aliwatazama akasema kuna mkono mwovu. Watu wakataka jina. Wa kwanza kutajwa walikuwa watatu: Tituba, mtumwa wa nyumba hiyo; Sarah Good, mama maskini aliyeomba chakula mlango kwa mlango; na Sarah Osborne, mwanamke mgonjwa ambaye hakuonekana tena kanisani na alikuwa na ugomvi wa urithi. Tazameni orodha hiyo vizuri. Mgeni asiye na ndugu, maskini, na mwanamke mwenye kesi ya mali. Ingeweza kuandikwa katika kartie yoyote ya kwetu.

Moto ulienea. Watu zaidi ya 150 walishtakiwa. Kumi na tisa walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee mmoja wa miaka karibu 80, Giles Corey, alikufa kwa kulundikiwa mawe mazito kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Watu wasiopungua watano walifia gerezani. Binti wa Sarah Good, mwenye miaka kama 4 au 5, naye alifungwa.

Kuna mambo matatu ambayo tuliyasisitiza.

Kwanza, mahakama ilipokea kile kilichoitwa ushahidi wa kivuli. Mtu aliweza kusema, "Niliona roho ya fulani ikinijia usiku, ikanikaba," na maneno hayo yakahesabiwa kuwa ushahidi. Hakuna awezaye kujitetea mbele ya ndoto ya mwingine. Ukisema ulikuwa umelala nyumbani kwako, utaambiwa kwamba mwili ulilala, roho ilitoka.

Pili, aliyekiri aliachwa hai, na aliyekataa alinyongwa. Hivyo wengi walikiri mambo ambayo hawakuyafanya, na kila aliyekiri alitakiwa kutaja wengine. Kukiri kwao kukawa uthibitisho mpya kwamba wachawi ni wengi.

Tatu, eneo hilo lilikuwa limejaa hofu ya vita. Mapigano kati ya walowezi na wenyeji wa mpakani yalikuwa yamewafukuza watu wengi, na baadhi ya walioshtaki walikuwa wakimbizi waliopoteza wazazi. Sisi wa Katanga ya zamani tunaelewa habari hiyo. Watu walikimbia vita vya mai-mai huko Malemba-Nkulu na Mitwaba, na kila mahali walipofika walibeba hofu pamoja na magodoro yao.

Nani aliyesimamisha Salem?

Swali hili ndilo linalofaa zaidi kwa kazi yetu. Mtu angedhani kwamba walisimamishwa na watu wasioamini uchawi. Sivyo. Mchungaji maarufu Increase Mather aliamini kabisa kwamba wachawi wapo. Lakini mwezi wa Oktoba 1692 aliandika kuonya kwamba ushahidi wa kivuli hautoshi kumwua mtu, kwa sababu shetani anaweza kuchukua sura ya mtu asiye na hatia. Mwezi huohuo gavana William Phips aliivunja mahakama ile. Mahakama mpya ilipoanza mwaka 1693 ilikataa ndoto na vivuli, na karibu wote waliobaki wakaachiliwa.

Hii ni habari njema kwa mtu wa amani anayefanya kazi Kamina. Wengi wetu tumejaribu kwenda kwenye kilio kusema, "Uchawi haupo." Tunaonekana watu wa projeti waliosahau kwao, na mazungumzo yanafungwa. Lakini mzee anayeamini, pasta anayeamini, mama anayeamini, wote wanaweza kuulizwa: "Sawa. Nani aliona? Aliona nini? Ingekuwaje kama ni wewe uliyetajwa katika ndoto hiyo?"

Wazee wetu wa Kiluba nao walijua kwamba mambo yaliyofichika yanahitaji utaratibu. Wanachama wa Mbudye walitunza historia kwa lukasa, ule ubao wenye shanga na kauri. Aliyesimulia habari za wafalme na za nchi aliweka kidole chake juu ya shanga. Kilumbu, yaani mwaguzi, aliitwa kutafuta chanzo cha ugonjwa au cha mali iliyopotea. Katika uaguzi wa kashekesheke, mwaguzi na mwenye shida walishika pamoja kipande kidogo cha mti kilichochongwa, maswali yakaulizwa moja baada ya jingine. Siwahimizi watu waende kwa mwaguzi kutafuta mwenye hatia. Wengi wameumizwa kwa njia hiyo. Nasema tu kwamba kuuliza maswali kwa mpangilio si desturi iliyoletwa na kompyuta.

Jinsi tunavyoendesha kikao

Kikundi chetu kina vijana 14, wanaume kwa wanawake, wote wenye miaka 18 na zaidi. Tunakutana mara mbili kwa juma jioni, tukiwa na jenereta na lita mbili za mafuta. Utaratibu ni huu:

1. Mmoja anashika maneti na kucheza. Tunabadilishana kila dakika 15. Wengine wanatazama na kuandika.

2. Ronan akimaliza kukusanya dalili za mahali fulani, tunasimamisha mchezo. Hakuna anayejibu swali la mchezo kwanza.

3. Tunachora safu nne ubaoni: Nimeona mwenyewe. Nimesikia kwa mwingine. Ninadhani. Nimeota. Kila dalili inawekwa katika safu yake, na anayeiweka anaeleza kwa nini.

4. Kikundi kinakubaliana juu ya jibu. Kisha tunarudi kwenye mchezo kuona kama tumepata.

5. Mwishoni tunazima kompyuta na kuchukua uvumi mmoja wa mjini ambao hauna jina la mtu ndani yake, kwa mfano habari za daraja, bei ya unga au treni. Tunaupitisha katika safu zilezile nne.

Hatua ya tano ndiyo yenye faida kubwa. Kamina ni njia panda ya reli: treni za Lubumbashi, za Ilebo na za Kabalo hukutana hapa, na habari hushuka pamoja na mizigo. Watu husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Tulipoweka uvumi wa juma moja ubaoni, safu ya "Nimesikia" ilijaa mpaka chini. Safu ya "Nimeona mwenyewe" ilikuwa na mstari mmoja tu.

Siku swali lilipotoka nje ya chumba

Katika msimu wa mvua, kijana mmoja wa kartie ya jirani alikufa baada ya siku chache za homa. Kwenye kilio shangazi yake alisema ameota mtoto wa miaka 9, aliyelelewa katika parsele hiyohiyo, amekaa juu ya kifua cha marehemu. Mtoto alipelekwa kwenye nyumba ya maombi na kufungishwa kula siku mbili. Siku ya pili alisema, "Ndiyo, ni mimi."

Mmoja wa vijana wetu ni ndugu wa familia hiyo. Alisimama mbele ya wakubwa akauliza kwa adabu, "Mama, mbali na ndoto, nani aliona nini? Na mtoto alikubali kabla ya kula au baada?" Alitukanwa, akaitwa wakili wa waloji, na mjomba wake akampiga kofi. Usiku alikuja kunigongea mlango.

Asubuhi tulikwenda watu wanne: shefu wa kartie, muuguzi wa kituo cha afya, mama mmoja anayeheshimiwa kanisani, na mimi. Muuguzi alieleza kwamba marehemu alikuwa na malaria na aliletwa akiwa amechelewa sana. Mama wa kanisa hakusema uchawi upo au haupo. Alisema tu kwamba mtoto mwenye njaa ya siku mbili atakubali neno lolote. Shefu akakumbusha sheria. Mazungumzo yalichukua saa tano, na hatukufaulu katika yote. Familia ilikubali mtoto asipigwe tena, lakini ilikataa arudi katika parsele. Sasa anaishi kwa bibi yake na anakwenda shule. Shangazi bado hamsalimu bibi.

Nilipomtembelea mtoto yule, aliniuliza, "Baba, mtu anaweza kumla mwingine bila yeye mwenyewe kujua?" Nilimjibu hapana, hukufanya neno lolote. Alinitazama kama mtu ambaye bado hajaamua kuniamini. Nawaeleza hayo ili msomaji asifikiri kwamba mchezo wa video unaponya kila kitu. Ulimpa kijana mmoja ujasiri wa kuuliza swali moja. Kazi iliyobaki ni yetu.

Tahadhari

Ukitaka kutumia mchezo kama huu, kumbuka mambo haya.

Si mchezo wa watoto. Una mauaji, damu na mashetani. Usiwaonyeshe watoto, hasa waliowahi kushtakiwa au kuona vita.

Katika mchezo ukichagua dalili isiyofaa, unapunguziwa alama kidogo tu na kujaribu tena. Kartieni jibu la makosa huchukua nyumba au uhai wa mtu. Sema hivyo kila kikao, tena waziwazi.

Ronan anaingia katika mawazo ya watu na kuyasikia. Sisi hatuwezi. Kijana mmoja alianza kujisifu kwamba anaweza kujua mwongo kwa kumtazama usoni. Tulimrudisha ubaoni: hiyo ni safu ya "Ninadhani".

Usimalize mchezo bila kuzungumzia mwisho wake. Wasiotaka kuujua waruke mistari hii. Mwuaji aliyetisha mji ni roho ya Abigail, yule msichana mshtaki wa 1692, ambaye anaingia katika watu na kuendelea kuwaua wale anaowaona wachawi. Hiyo ni hadithi tu. Abigail wa kweli alikuwa mtoto. Lakini vijana wetu walijadili jambo hilo jioni mbili: ni nani alikuwa hatari kwa mji, walioshtakiwa au kule kushtaki?

Baada ya madhara

Salem inatufundisha pia kurekebisha, na hiyo ni sehemu ambayo mara nyingi tunaisahau. Tarehe 14 Januari 1697 jimbo lilikuwa na siku ya kufunga na kuomba. Jaji Samuel Sewall alisimama kanisani huku maneno yake ya kukiri kosa yakisomwa mbele ya wote. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyeshtaki wengi akiwa msichana, aliomba msamaha kanisani kwake. Mwaka 1711 serikali ilirudisha heshima ya wengi waliohukumiwa na kutoa fidia kwa familia. Lakini wengine walisahauliwa. Elizabeth Johnson alisafishwa jina lake mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule moja huko North Andover kufuatilia habari zake. Ilichukua miaka 329 tangu alipohukumiwa.

Kwetu hatuna haja ya kungoja hivyo. Shtaka likithibitika kuwa la uongo, tunaiomba familia iseme hivyo hadharani, mahali palepale liliposemwa. Msamaha wa siri haumrudishii mtu jina lililochafuliwa sokoni.

Sheria ya Kongo inasema nini

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inaweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Kumpa mtu mwavi au jaribio lingine la kumwumiza ili kujua kama ana hatia kunaadhibiwa na sheria ya makosa ya jinai. Mweleze shefu wa kartie mambo haya kabla ya kilio, si wakati watu wamekwisha kushika mawe.

Maneno haya si ya Kongo peke yake. Huko Aru, Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa shutuma za uchawi mwezi wa Juni 2001. Huko Kisii, Kenya, watu 11 walichomwa mwezi wa Mei 2008. Mwezi wa Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya madhara hayo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

- Katika eneo lenu, ni watu gani hutajwa kwanza mtu akifa ghafula? Kwa nini ni hao?
- Habari uliyoisikia leo asubuhi ingeingia katika safu gani kati ya zile nne?
- Ni nani anayesikilizwa kwenye kilio, anayeamini kama wengine, na ambaye angeweza kuuliza, "Nani aliona?" Mmekwisha kuzungumza naye?
- Kuna mtu kwenu aliyeshtakiwa bure na ambaye hakuna aliyemwomba msamaha? Mnaweza kuanzia wapi?

Ikiwa hamna kompyuta, msikate tamaa. Hadithi ya Salem inaweza kusimuliwa kando ya moto, na safu nne zinaweza kuchorwa mchangani kwa kijiti.